Karatasi za Ukuta wa Tangi

Sehemu ya kumi na moja

Wiki nzima mmemwacha fundi cherehani amesimama katikati ya ukumbi wa baraza la jiji, mkono juu, mfuko wa nailoni kwapani. Mmekula, mmelala, mmekwenda kazini, na yeye bado kasimama. Haya, tumshushe mkono.

Na wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea upesi nikueleze. Jiji lina nyumba zake za kupangisha, majengo sita ya ghorofa tatu. Fundi alizaliwa katika Jengo la Sita, akaolewa humo humo, na cherehani yake iko kwenye kibaraza hapo chini, ubavuni mwa tangi la maji. Sasa baraza linataka kubadili matumizi ya ardhi ile kutoka makazi kuwa biashara, majengo yabomolewe, maduka yajengwe. Sheria inataka tangazo lenye ramani libandikwe pale pale kwa siku ishirini na nane, ili mwenye pingamizi alilete. Halikuja pingamizi hata moja. Wakazi wanasema hawakuona tangazo lolote. Mwanasheria wa jiji anasema tangazo lilibandikwa ila kuna mkazi kalibandua, kisha akauliza kwa dharau ni nani huyo.

Hapo ndipo fundi alipoinuka kwenye viti vya wageni, akaja mpaka katikati, akanyoosha mkono.

"Ni mimi," alisema.

Mwanasheria alitabasamu mpaka jino la mwisho likaonekana.

"Mheshimiwa Meya, naomba maneno hayo yaingie kwenye kumbukumbu. Kubandua tangazo la jiji ni kosa, kifungo miezi sita. Na kwa kuwa wakazi wameliharibu wenyewe, hawawezi kulalamika kwamba hawakuliona. Tupige kura, twende tukale."

Kwenye viti vya wageni, mama mkwe wa fundi aliinama mbele.

"Rudi ukae, mwanangu. Watakufunga hawa."

"Acha wanifunge, mama. Nikikaa sasa, mwezi ujao tutakaa barabarani."

Meya alishika miwani yake iliyoning'inia kifuani. Ni mama mpole wa sauti, mtu wa kusema tafadhali, na asubuhi ile wakazi walifurahi kumwona yeye kitini.

"Tafadhali tueleze. Ulilibandua kwa nini?"

"Nilidhani ni la maji, Mheshimiwa."

"La maji?"

"Matangazo ya jiji kwetu huwa ni ya kukata maji. Na yanakuja maji yakiwa yameshakatika siku tatu. Mimi nikiona 'Tangazo kwa Umma' siendelei kusoma, naenda kuangalia bomba."

Wageni walicheka. Hata madiwani wawili watatu walijifuta midomo kwa leso. Fundi hakucheka, maana alikuwa anasema kweli tupu.

Karatasi za ukuta wa tangi ni za fundi. Hiyo ni sheria ya majengo yale, ingawa haijaandikwa popote, na ilianza enzi za mama yake mzazi aliyemwachia ile cherehani. Tangazo la mganga, tangazo la kampuni ya simu, picha ya mgombea aliyeshindwa, vyote vikishapitwa na wakati hakuna anayevichana. Fundi huja na maji ya uvuguvugu, akabandua pole pole, akaanika kwenye kamba, akavifanya violezo vya kukatia nguo. Na lile tangazo la jiji lilikuwa manila, jamani. Manila nene, safi, pana kupita meza yake. Alilitazama kwa jicho la mkasi kabla ya jicho la kusoma, na hilo ndilo kosa lake lote.

"Kwa hiyo umeliharibu," alisema mwanasheria.

"Sijaliharibu. Nimelikata." Akapindua mfuko, vipande vitatu vya manila vikaanguka kwenye zulia. "Fundi hatupi kiolezo. Mgongo huu hapa, na mikono miwili hii hapa."

Mwanasheria aliokota kipande kikubwa kwa ncha za vidole. Akaona mwandiko wa kalamu ya wino pembeni, na kwa kuwa alitaka ukumbi ucheke naye, akausoma kwa sauti.

"'Diwani. Mgongo. Tumbo ongeza inchi mbili, anakataa.'"

Ukumbi ulicheka kweli, ila haukucheka naye. Macho yote yalimwendea diwani wa kata yenye majengo yale, mtu mnene ambaye wapiga kura wake wanamwita Diwani Koti, kwa kuwa hata jua liwe kali namna gani, koti halivui. Leo alivaa la kijivu, jipya, kazi ya mkono wa fundi wetu. Alijikohoza, akajiweka sawa kitini, na koti likalia kwaru, kwaru. Asubuhi nzima lilikuwa linalia hivyo kila alipoinua mkono, na diwani wa jirani alishahama kiti.

Fundi hakuwa na habari na tumbo la mtu. Alipiga magoti pale pale kwenye zulia la baraza, akachomoa pini ukosini mwa gauni lake, nne mdomoni, moja mkononi, akaanza kuunga.

"Sasa unafanya nini, tafadhali?" aliuliza Meya.

"Dakika moja tu, Mheshimiwa," alijibu kwa mdomo uliojaa pini.

Ngoja niwaambie siri. Fundi alikuja barazani akiwa na nia ya kukabidhi zile karatasi na kuomba radhi. Alishaipanga radhi yake usiku mzima. Lakini saa tatu asubuhi mume wake alipoitundika ramani ya jiji mbele ya ukumbi, radhi ilimkauka mdomoni.

Ndiyo, mume wake. Ni mchora ramani wa jiji, miaka kumi na tisa ofisini. Pale mbele ndiye aliyesimama kando ya ramani na fimbo ya kuonyeshea, tai imembana, na tangu kikao kianze hajamtazama mkewe hata mara moja. Nyumbani akiulizwa uvumi wa kubomolewa anajibu "kazi ni kazi," anageukia ukutani. Mwezi mzima fundi alikuwa na donge moyoni juu ya mtu huyo. Unakula naye sahani moja, naye mchana anachora pa kukubomolea.

Sasa vipande vilikuwa vimeungana. Fundi alisimama, akatema pini kiganjani.

"Waheshimiwa, naomba mtazame mstari mwekundu. Mimi mstari huu naujua, nimeukata mwenyewe kwa mkasi. Hapa kwenye tangazo unazunguka nini?"

Diwani mmoja kijana alinyanyuka kitini, akachungulia.

"Unazunguka stoo za zamani za jiji, kando ya majengo. Na kile kiwanja cha nyuma."

"Haya, mtazame ile pale ukutani. Unazunguka nini?"

Kila mtu aliona. Kwenye ramani iliyotundikwa, mstari mwekundu ulizunguka majengo yote sita, pamoja na tangi, pamoja na kibaraza cha fundi.

"Basi hata ningeliacha tangazo ukutani mpaka lioze, nani angeleta pingamizi?" Fundi alikuwa amekasirika sasa na hakujificha. "Tangazo lenu halitaji nyumba zetu. Linataja stoo, na stoo chukueni, zina panya watupu. Mmetangaza stoo, leo mnapigia kura vyumba vyetu vya kulala, halafu mnanitisha mimi na kifungo."

Wageni walianza kupiga miguu chini. Mama mkwe ndiye aliyeanza, na wale mnaomfahamu hamtashangaa.

Lakini mwanasheria huyu halipwi kwa ajili ya tabasamu lake. Alichuchumaa, akaikagua ile manila upande hadi upande, akainuka akiwa mtulivu kabisa.

"Mheshimiwa Meya, ramani hata mimi naweza kuchora. Tangazo la jiji lina muhuri na sahihi, kona ya chini kulia. Hapa kona hiyo haipo. Mama, muhuri uko wapi?"

Fundi alizihesabu pini kiganjani.

"Nimekuuliza, mama. Kona iko wapi?"

Kwa mara ya kwanza siku ile fundi alitamani kukaa chini. Kona alijua ilipo. Ila kulisema jambo lile mbele za watu ni kuifunga cherehani kwa mkono wake mwenyewe. Kifungo cha miezi sita kina mwisho wake. Fundi akishaitwa tapeli, wateja hawarudi.

Meya alitazama saa. "Kama hakuna jibu, tafadhali, nitahesabu kwamba hati hii si ya jiji. Tunaingia kwenye kura."

Mikono ilianza kuinuka. Mmoja, mitatu, saba. Fundi alitazama ile mikono, akamtazama mama mkwe wake, mtu mwenye miguu ya uvimbe ambaye hajui kulala mahali pengine zaidi ya chumba cha chini cha Jengo la Sita.

"Imo ndani ya koti la Mheshimiwa Diwani," alisema.

Mikono iliganda hewani.

"Rudia," alisema mwanasheria.

"Koti zuri linawekwa kanvasi kifuani, kitambaa kigumu, lisilegee. Wiki ile kanvasi iliisha madukani kote. Na Mheshimiwa alitaka nguo yake Jumatatu, hataki kusikia kesho. Kona ya manila ilikuwa imebaki mezani. Nikaitia ndani, upande wa kushoto, nikashona." Alimgeukia Diwani Koti. "Ulipouliza mbona linalia, nilikwambia kitambaa kipya, kitazoea mwili. Nilikudanganya, Mheshimiwa. Nimekuvisha karatasi."

Diwani Koti alijishika kifua kama aliyeambiwa ana ugonjwa. Akabonyeza. Kwaru.

"Sasa ndipo naelewa kwa nini halipigiki pasi," alisema taratibu.

"Inatosha," alisema Meya, na safari hii tafadhali haikusikika. "Hapa si kwa mshona nguo. Askari, mtoeni mama huyu, tumalize kura."

Askari wawili wa baraza waliondoka mlangoni. Walifika kwenye mstari wa viti vya wageni wakakuta miguu miwili mikubwa imenyooshwa, imeziba njia kutoka kiti hadi ukuta.

"Tupishe, bibi."

"Miguu yangu haikunjiki," alisema mama mkwe. "Ina uvimbe, muulizeni daktari. Mkitaka kuniruka nirukeni, ila mtu akinikanyaga nitalala hapa hapa chini na hamtaninyanyua leo."

Wakati askari wanatazamana, Diwani Koti alisimama. Alikuwa mtu wa kupiga makofi na kwenda nyumbani, miaka saba barazani hajawahi kuuliza swali, na alipoinua mkono hata Katibu wa baraza hakuamini.

"Katibu, kanuni zinasemaje? Diwani akiwa na hati inayohusu hoja iliyo mezani?"

Katibu alifunua kitabu. "Anayo haki ya kuiwasilisha, Mheshimiwa, kabla ya kura."

"Mheshimiwa Meya, hati ninayo."

"Siioni," alisema Meya.

"Nimeivaa."

Akaanza kufungua vifungo. Hakuna mtu katika ukumbi ule aliyewahi kumwona bila koti, na walimtazama kwa adabu.

"Mwezi uliopita kwenye kamati niliinua mkono," alisema huku akitoa mkono mmoja. "Niliambiwa ni stoo. Nikaonyeshwa stoo. Sikuinua mkono kwa ajili ya nyumba za watu walionileta hapa. Mimi si mtu wa maneno mengi, lakini kufanywa mjinga nakujua." Alivuka ukumbi na shati lake lililolowa jasho mgongoni, akamkabidhi fundi lile koti la kijivu. "Fumua."

"Mkasi wangu umebaki getini, Mheshimiwa. Askari wameuchukua."

"Basi?"

Fundi alilipindua koti ndani nje, akatafuta mshono wa bitana upande wa kushoto, akaukata uzi kwa meno.

Alifumua mbele ya baraza zima, uzi mmoja baada ya mwingine, kazi yake mwenyewe, mishono midogo aliyokuwa anajivunia. Mwanasheria alisema kitu kuhusu utaratibu, na hakuna aliyemsikiliza. Alipofikia nusu ya bitana aliingiza vidole viwili, akavuta.

Kona ya manila ilitoka imekunjika, ina jasho la diwani, lakini wino wa muhuri wa jiji haukufutika. Akaiweka kwenye zulia, chini kulia mwa vile vipande vingine. Ilikaa mahali pake barabara.

Diwani Koti alichuchumaa kwa tabu, akasoma. "Muhuri wa jiji. Tarehe ya siku ya kwanza ya tangazo. Na sahihi ya..." Akakaza macho. "Sahihi siijui hii."

Fundi aliijua. Alikuwa ameishona ndani ya koti bila hata kuitazama, na sasa ilimtazama yeye. Sahihi ile iko kwenye kitabu cha kodi ya nyumba, iko kwenye fomu za shule za watoto wake, iko chini ya barua tatu alizoandikiwa akiwa msichana, ambazo hadi leo zimo kwenye droo ya cherehani.

Aliinua kichwa pole pole. Mbele ya ukumbi, mumewe alikuwa ameiegemeza fimbo ukutani.

"Ni yangu," alisema mchora ramani.

"Mwanangu," alisema mama mkwe, na miguu yake ikakunjika yenyewe.

"Ramani zote mbili nimechora mimi. Hiyo ya chini ndiyo iliyopitishwa na kamati. Hii ya ukutani nimeichora wiki mbili baadaye, kwa kuagizwa."

Fundi hakujali tena Meya wala mwanasheria. "Na tangazo? Nani alilibandika?"

"Mimi."

"Ukutani kwangu."

"Niliambiwa nilibandike nyuma ya stoo, mahali asipopita mtu, nipige picha, kisha nilichome. Nikaona nikilichoma, hakuna atakayejua stoo ziligeuka majengo sita. Nikilificha ofisini, watalipata." Alimtazama mkewe usoni, mara ya kwanza kwa mwezi mzima. "Ukiniuliza karatasi haipotei wapi katika jiji hili, najua mahali pamoja tu. Nililibandika Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi nilipotoka kuoga nikakuta umeshalianika."

Fundi alihisi hasira na mapenzi vinampanda pamoja, na hakujua kipi akitangulize.

"Ungeniambia."

"Ungekuja hapa siku hiyo hiyo."

"Ningekuja, ndiyo."

"Nami ningefukuzwa siku hiyo hiyo, na hii ramani ya pili isingeonekana. Nilitaka waitundike kwanza mbele ya watu."

"Mwezi mzima umenigeuzia mgongo, baba wewe."

"Ningekutazama ningesema."

Diwani Koti alijiinua kutoka kwenye zulia, akashika kiuno. "Ndugu yangu, hayo ya nyumbani mtayamaliza. Mimi nina swali langu la pili tangu niapishwe. Nani alikuagiza?"

Kabla mchora ramani hajajibu, sauti ya upole ilitoka kiti cha mbele.

"Afisa," alisema Meya. "Nakukumbusha kiapo chako cha kazi. Ukifungua mdomo kuhusu mambo ya ofisi, kazi huna, na nyumba ya jiji huna. Fikiri, tafadhali."

Mchora ramani alifikiri. Mnajua naye ana watoto, ana mama mwenye uvimbe, ana miaka kumi na tisa ofisini. Alimtazama mkewe.

"Sema," alisema fundi. "Nyumba washatuchukulia kwenye ramani. Kazi yako ikienda, cherehani ipo. Sema."

Akavuta tai yake, ikalegea.

"Aliyeniagiza ni huyo anayenikumbusha kiapo sasa hivi."

Madiwani waligeuza vichwa vyote kwa pamoja. Meya hakubadilika uso. Alipeleka kidole mezani kwake, akabonyeza kitufe, na taa nyekundu za vipaza sauti zikazimika ukumbini, meza hadi meza, mpaka ile ya mwisho mlangoni. Akafungua kinywa kutangaza kwamba kikao kimeahirishwa, na midomo yake ilionekana ikicheza tu, sauti haikufika hata kwa Katibu.

Ila fundi wetu ana miaka ishirini ya kuongea juu ya kelele za cherehani. Alikanyaga mguu mmoja upande huu wa ramani iliyo kwenye zulia, mmoja upande ule, uzi wa koti bado umemganda mdomoni.

"Sema tena, mume wangu," aliita, na sauti ikagonga ukuta wa nyuma. "Huku kwa wapangaji hawajasikia."